Anayeruka kwa Kujifurahisha, Naye Apimwe na Daktari?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaacha kidogo malaria, minyoo na lishe ya watoto, na kuingia katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona ni la matajiri wa mbali. Je, mtu mwenye ndege yake ndogo, anayeruka siku ya mapumziko kwa kujifurahisha tu, bila kulipwa na mtu yeyote, alazimishwe na serikali kupimwa afya na kupewa cheti kabla ya kushika usukani? Au aachiwe mwenyewe, kwa kuwa anaujua mwili wake kuliko mtu mwingine?

Tunajua kwamba katika vigango vyetu vya Bukoba na Muleba mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata. Hata hivyo swali lenyewe linatuhusu kuliko tunavyodhani, maana wapo wengi kati yetu ambao kila siku wanashika usukani wa chombo chenye roho za watu, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanaona vizuri. Tuanze angani, kisha tushuke.

Kiwanja cha ndege cha Bukoba kiko ukingoni kabisa mwa ziwa. Ndege inapokuja kutua tunaiona ikipita juu ya maji, na watoto hukimbia kuitazama. Lakini tangu asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani karibu na kiwanja ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafariki pamoja na marubani wote wawili, sisi watu wazima tukiitazama ndege ikishuka tunanyamaza kwanza. Wavuvi wa mitumbwi ndio waliotangulia kufika na kuokoa watu. Ieleweke vizuri: hatusemi kwamba marubani wale walikuwa na ugonjwa wowote. Ndege ilikuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Tunaikumbuka kwa sababu siku ile kila mmoja wetu alitambua jinsi abiria anavyokabidhi maisha yake kwa mtu asiyemjua.

Sasa, sheria inasemaje? Mwaka 1944 mataifa yalikutana katika mji wa Chicago, Marekani, yakakubaliana juu ya usafiri wa anga. Kutokana na mkataba huo lilizaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na kanuni zake ndizo zinazofuatwa hata hapa kwetu, ambako msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kanuni hizo zinagawa vyeti vya afya kwa madaraja. Rubani anayerusha ndege za abiria wanaolipa anahitaji cheti cha daraja la kwanza, na kwa kawaida hupimwa kila mwaka. Akifika miaka 60, kila miezi 6. Rubani wa binafsi, yaani huyu wa kujifurahisha, anahitaji cheti cha daraja la pili. Akiwa kijana cheti chake hudumu miezi 60, akivuka miaka 40 kinapunguzwa hadi miezi 24, na akivuka 50 inashauriwa apimwe kila mwaka. Kwa hiyo kwa kanuni hizi hata anayeruka bila malipo hakwepi.

Daktari huyo anatazama nini? Macho kwanza, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu taa nyekundu na ya kijani si kitu kimoja. Masikio. Moyo na shinikizo la damu. Mapafu. Sukari katika mkojo. Anauliza kama mtu amewahi kuzimia au kuanguka kifafa, kama amewahi kuugua akili, kama ni mlevi, na anatumia dawa gani. Hakuna miujiza hapo. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo mganga wa zahanati ya kawaida anaweza kuvifanya kabla ya saa sita mchana.

Sababu ya ukali huu ni kwamba angani mwili unafanya kazi katika mazingira magumu. Bukoba tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari na tumezoea. Lakini mtu akipanda hadi mita 3,000 na zaidi hewa inakuwa nyepesi, na oksijeni inayoingia mwilini inapungua. Mwenye moyo dhaifu au upungufu wa damu, ambaye sokoni anatembea bila shida, huko juu anaweza kuanza kuona giza na kufikiri polepole, na jambo baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe anajiona yuko sawa. Mwenye mafua makali aliyeziba masikio, ndege ikishuka anaweza kupata maumivu na kizunguzungu hata asijue chini ni wapi. Dereva akijisikia vibaya anasimama pembeni ya barabara akapumzika chini ya mgomba. Rubani anasimama wapi?

Lakini wapo wanaopinga ulazima huu, na hoja zao si za kipuuzi. Wanasema ajali nyingi za ndege ndogo hazitokani na rubani kuugua ghafla, bali na makosa ya uendeshaji, hali ya hewa, au mafuta kuisha. Hilo ni kweli. Wanasema pia kwamba daktari akikupima leo hawezi kukuhakikishia kwamba kesho moyo wako hautasimama. Nalo ni kweli. Kwa hoja za aina hiyo Marekani mwaka 2004 ilianzisha leseni ya ndege nyepesi za michezo, ambapo leseni ya udereva wa gari ilikubaliwa kuchukua nafasi ya cheti cha afya cha rubani. Tena kuanzia Mei 2017 marubani wengi wa binafsi nchini humo waliruhusiwa kumwendea daktari wao wa kawaida mara moja kila miaka 4, badala ya daktari maalumu wa marubani. Uingereza nayo mwaka 2016 iliwaruhusu marubani wa ndege ndogo kujaza tamko wao wenyewe kwamba afya yao inafaa.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo sisi tunaiona ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema kwamba mtu akijua daktari huyu ndiye atakayemnyang'anya leseni, hatamwambia kweli. Ataficha. Na ugonjwa unaofichwa ni wa hatari kuliko ugonjwa unaojulikana.

Ushahidi upo. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la Germanwings, katika safari ya kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf, alijifungia peke yake katika chumba cha marubani na kuigonga ndege mlimani huko Ufaransa kwa makusudi. Watu 150 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, kwamba madaktari walikuwa wamemwandikia asiende kazini, na kwamba karatasi hizo hakumpelekea mwajiri wake. Cheti cha afya alikuwa nacho mfukoni. Miaka mingi kabla, tarehe 18 Juni 1972, ndege ya Uingereza ilianguka Staines karibu na London na watu wote 118 waliokuwamo wakafa. Rubani mkuu alionekana baadaye kuwa na ugonjwa wa moyo uliokuwa umeendelea kwa muda mrefu, na wachunguzi wakautaja kati ya mambo yaliyochangia. Naye alikuwa amepimwa na kupasishwa kama wenzake.

Kwa hiyo tunasema vyeti havina maana? La hasha. Kufuli huvunjwa na wezi, lakini hakuna anayelala mlango wazi kwa sababu hiyo.

Maoni yetu ni haya. Mtu akijirusha peke yake katika kidude chepesi cha kiti kimoja, juu ya mbuga isiyo na watu, hatuoni kosa kubwa serikali ikiridhika na tamko lake la maandishi pamoja na kipimo cha macho. Lakini siku anapompandisha mtu mwingine, hata awe mke wake, hata awe rafiki aliyeomba mwenyewe apelekwe kuona ziwa kutoka juu, hapo lazima daktari awe amemwona. Anayepanda hawezi kumpima rubani kwa macho. Anamwona amevaa vizuri, anacheka, ana nguvu, basi anapanda. Kutokulipwa nauli hakupunguzi uzito wa roho iliyo kiti cha nyuma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, iwe barabarani, baharini au angani, anabeba hatia kubwa. Tazameni kwamba hata anga limetajwa, wala haikusemwa kwamba wa kujifurahisha wamesamehewa.

Hapa tuseme neno juu ya dawa, kwa sababu ndipo watu wazuri wanapojikwaa bila kujua. Dawa za mafua na mzio za aina ya Piriton huleta usingizi. Anayekunywa kidonge kimoja asubuhi kwa ajili ya pua inayochuruzika anaweza kusinzia saa tano akiwa kwenye mteremko wa Kamachumu. Dawa za kutuliza kama Valium vivyo hivyo. Mefloquine, ambayo wageni wengi waliitumia kujikinga na malaria, marubani hawaruhusiwi kuitumia kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Na kwinini, wazee wanaikumbuka, huvumisha masikio. Kila unapopewa dawa, muulize aliyekupa: naweza kuendesha nikiwa nimeimeza? Ni swali dogo, lakini hatulisikii likiulizwa kwenye dirisha la dawa.

Kuhusu pombe, sheria ya Marekani inamtaka rubani akae angalau saa 8 baada ya kunywa kabla hajaruka, na hata saa hizo zikipita asiruke kama kilevi kingali mwilini. Sisi huku tuna rubisi, na rubisi ya Jumapili jioni haijaondoka mwilini alfajiri ya Jumatatu eti kwa sababu mtu amenawa uso.

Sasa tushuke chini.

Bodaboda mmoja wa kijiwe cha Muleba mjini, katika wiki moja, hubeba watu wengi kuliko rubani wa kujifurahisha atakaowabeba katika maisha yake. Anabeba mama mjamzito kumpeleka Rubya usiku. Anabeba watoto watatu wa shule kwa mpigo, mshikaki kama vijana wanavyouita. Rubani wa starehe huko Ulaya anaulizwa kama amewahi kuzimia. Huyu wetu anaulizwa kama ana mafuta na kama bei itapungua. Leseni yenyewe wengine hawana, na walio nayo huipata mara moja na kukaa nayo miaka, wakati macho na presha havikai mahali pamoja.

Tuchukue ugonjwa mmoja tu, kifafa, kwa sababu ndio unaofichwa kuliko yote. Kijana ana pikipiki ya mkataba. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, na mwisho wa mkataba pikipiki iwe yake. Ana mke na mtoto mchanga. Mara mbili tangu mwaka uanze ameanguka nyumbani, akakakamaa, akatoka povu. Mama yake anajua, mkewe anajua, lakini kijiweni hakuna anayejua. Ndugu wamezunguka kwa waganga wa kienyeji wakiambiwa ni jirani. Kijana huyu si mwongo kwa asili. Anaficha kwa sababu akisema atakosa unga, na watu watakataa hata kunywa naye kikombe kimoja. Kesho atakuwa amembeba mtoto wa nani?

Basi tuseme wazi tena. Kifafa si uchawi wala hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Ni hitilafu katika ubongo, na sababu zake ni nyingi: mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, minyoo ya tegu ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa na kuzimeza inavyotakiwa. Moja ya dawa hizo, fenobabitoni, ni ya bei nafuu. Huko Uingereza mwenye kifafa akimaliza miezi 12 bila kuanguka, kwa kawaida anaruhusiwa tena kuendesha gari lake dogo. Hafungiwi maisha. Hilo ndilo jambo ambalo kijana wetu hajaambiwa: kwamba kwenda hospitali kunaweza kumrudishia usukani, na kwamba njia anayoifuata sasa ya kuficha ndiyo itakayompotezea.

Kwamba kuficha hakuna mwisho mwema tunajifunza hata kutoka kwa dereva wa gari la taka katika mji wa Glasgow, Uskoti. Tarehe 22 Desemba 2014 alizimia akiwa kwenye usukani katikati ya mji uliojaa watu wanaonunua vitu vya Noeli, na watu 6 wakafa. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa amewahi kuzimia kazini mwaka 2010 na hakuwaambia ukweli madaktari wala waliompa kazi. Huko kuna kompyuta, fomu na sheria za kila aina, na bado neno moja lisilosemwa liliwapita wote.

Na ziwani je? Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi, Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na vingine, na mtu wa huko hana barabara ila maji. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa uchungu wa ziwa, maana meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza iliondoka bandarini kwetu na kupitia Kemondo, na hadi leo kuna familia zisizokuwa na kaburi la kuweka maua. Ile ilikuwa habari ya chombo kisicho imara na kujaza watu kupita kiasi. Lakini mwenye mtumbwi wa injini anayebeba abiria mchana baada ya kukesha akivua dagaa, huyo ana ugonjwa pia hata kama hajioni mgonjwa. Usingizi ni ugonjwa mkubwa wa waendesha vyombo. Na mtu wa miaka 55 mwenye mtoto wa jicho, ambaye jua la jioni likipiga majini haoni kitu, anajua njia kwa mazoea tu. Mazoea hayaoni gogo linaloelea.

Tunachopendekeza si kikubwa. Kila anayebeba abiria kwa pikipiki, gari au mtumbwi apimwe kila anapopata au kuhuisha leseni, na akivuka miaka 50 kila mwaka: macho, presha, sukari, historia ya kuzimia, na dawa anazotumia. Kipimo kifanyike zahanati iliyo karibu, kwa gharama isiyozidi hesabu ya siku moja, maana kikigharimu zaidi watu watanunua karatasi bila kupimwa, na karatasi iliyonunuliwa ni mbaya kuliko kukosa karatasi. Vyama vya bodaboda, ambavyo tayari vinachangishana kwa misiba na ajali, viweke kifungu kwa mwenzao aliyezuiliwa kwa muda ili ale na familia yake anapotibiwa. Bila hicho yote haya ni maneno. Nao matajiri wenye pikipiki wakubali kusimamisha mkataba badala ya kuuvunja. Parokia inaweza kuanza hata kabla ya serikali: meza moja nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, nesi mmoja wa kujitolea, kipimo cha presha na chati ya macho ukutani. Wanaume wetu hawaendi hospitali mpaka wabebwe, lakini kanisani wanakuja.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe tunaoandaa ukurasa huu hatujakubaliana. Daktari akimkuta dereva au rubani ana ugonjwa wa kumwangusha, naye akakataa kuacha, daktari atoe taarifa kwa wenye mamlaka au atunze siri? Baada ya ajali ya Germanwings wachunguzi wa Ufaransa walitaka nchi ziweke wazi ni lini daktari anaruhusiwa kuvunja siri kwa ajili ya usalama wa watu. Baadhi yetu tunaogopa kwamba siri ikivunjwa mara moja, hakuna mwendesha pikipiki atakayetia tena mguu kliniki ya kifafa. Wengi wetu tunaona kwamba daktari amwambie mgonjwa kwanza uso kwa uso, ampe muda, amhusishe mke au mzazi kwa ruhusa yake. Akikaidi na bado anabeba watu, taarifa itolewe, tena mgonjwa aambiwe kwamba itatolewa. Mnaobeba abiria, na ninyi mnaopanda nyuma yao kila siku, tuandikieni maoni yenu kupitia ofisi za parokia.